Majoka na Jirani Zao

Katika vitabu vya hadithi tulivyovisoma, ni vichache vilivyotufikirisha kama vile vya bibi mmoja wa Marekani, Ursula K. Le Guin, aliyezaliwa mwaka 1929 akafariki mwaka 2018. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mtaalamu wa mila za wenyeji wa California. Basi nyumbani kwao desturi za watu wengine zilikuwa jambo la elimu, si la mzaha. Bibi huyo alibuni nchi ya visiwa vingi akaiita Earthsea. Riwaya ya kwanza ya nchi hiyo ilitoka mwaka 1968, na ya mwisho mwaka 2001.

Majoka wa huko si wanyama wa kuuawa tu. Wao husema Lugha ya Kale, ile iliyoumba visiwa, ambayo ndani yake kila kitu kina jina lake la kweli. Mwanadamu aisemapo hawezi kusema uongo, bali joka aweza kuipindapinda apendavyo. Naye ajuaye jina la kweli la kitu ana amri juu yake. Ndivyo kijana Ged alivyomshinda joka mzee wa Pendor, kwa kumwita jina lake, Yevaud. Joka akataka kumhonga: atamtajia jina la kivuli kibaya kilichokuwa kikimwinda. Ged akaiacha faida yake mwenyewe, akamwapisha joka asivijie kamwe visiwa vya watu. Hapo twaona maana ya elimu: hupewa mtu mmoja kwa ajili ya wengi.

Lakini lililotugusa zaidi ni habari za majirani. Watu wengi wa visiwa vile ni weusi au wa maji ya kunde, nao wana maandishi na waganga wakuu. Mashariki wakaa Wakargi, watu weupe, wasiotaka maandishi wala uganga, ambao zamani walikuja kwa merikebu kuteka na kuchoma vijiji. Wale huwaita hawa washenzi; hawa huwaita wale wachawi waliolaaniwa. Kila upande wamcheka mwenzake, na kila upande una hakika kwamba kweli yote ni yake.

Kumbe sivyo. Katika riwaya ile ya mwisho, majoka wanaanza kuwasumbua watu, na wafu wanaomba kufunguliwa, wala wenye hekima hawajui sababu. Ndipo inapoonekana ya kuwa hapo mwanzo watu na majoka walikuwa jamii moja, wakaagana: majoka wakachagua uhuru, watu wakachagua mali na kazi za mikono. Wakargi walikuwa wameyahifadhi mapatano hayo katika masimulizi yao. Wenye maandishi ndio walioyavunja. Wazee wao wa uganga, kwa kutamani kuishi milele, waliitwaa kwa maneno ya nguvu sehemu ya nchi ya majoka, wakaizungushia ukuta. Pepo ikakoma kuvuma ndani yake. Wafu wao wakakaa humo gizani, hata waliopendana wakapitana bila kusemezana. Ukuta ule haukubomolewa mpaka mganga, na binti mfalme wa Kikargi, na joka, na mtengeneza vyungu wa kijijini walipokutana, kila mmoja akaleta alichokuwa nacho.

Nasi tufundishao twayapima haya kwa kazi yetu. Darasani mwetu wamo watoto wa makabila mengi. Siku moja mtoto alisimulia habari ya nyoka mkubwa alindaye chemchemi ya kwao, na wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku ile hatujamsikia tena akisimulia neno la kwao. Kama hadithi ile ilikuwa na fundisho juu ya kuyatunza maji, limepotea kwetu sote, maana babu aliyempa habari hiyo ni mzee sana.

Hatusemi kila masimulizi ni kweli. Twasema ni vema kusikiliza kwanza, kisha kupima. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi, walimu wenzetu, mtoto asimuliapo ya kwao, na tuwanyamazishe wachekao, tusimnyamazishe yeye.