Maji haya ni ya nani?

Nilikulia Ukerewe, na sikumbuki kumsikia mtu akiuliza maji ni ya nani. Ziwa Viktoria lilikuwa letu sote. Watoto tulivua furu na sato kwa ndoano miambani. Wakubwa walitoka usiku na karabai kufuata dagaa. Leseni ilikuwa shughuli ya mwenye mtumbwi, mambo yake na halmashauri.

Viwanda vya minofu vilipojengwa Mwanza, sangara akawa fedha, na karatasi zikafuata fedha. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kanuni zake za 2009, zilitaka chombo kisajiliwe na mvuvi awe na leseni. Nyavu za timba na kokoro zikapigwa marufuku, na sangara wa chini ya sentimita 50 akawa haramu. Kila mwalo ukapata BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe cha kulinda rasilimali. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu haramu zilichomwa moto hadharani. Kwa wengi wetu leseni ikawa kinga dhidi ya doria. Habari ya samaki kuzaliana tuliiachia serikali.

Hofu hiyo ya doria nilihama nayo hadi Vårby gård, kwenye maghorofa ya miaka ya sabini kusini mwa Stockholm, ambako ukishuka mteremko kidogo tu unafika Ziwa Mälaren. Niliwakuta watu wa kila taifa wakirusha ndoano, nami nikaanza kuulizia ofisi ya kulipia. Mzee mmoja Mswidi, jirani yangu, alishangaa. Kwa fimbo na ndoano, alisema, hapa hulipi chochote.

Nilidhani basi ni kama Ukerewe ya utotoni. Kumbe ni kinyume chake. Uswidi haki ya kuvua hufuata ardhi: mwenye ufuko ndiye mwenye samaki, na maji ya watu binafsi ni mengi. Uhuru niliouona uliletwa na sheria ya mwaka 1985, iliyofungua uvuvi wa fimbo kwenye pwani na katika maziwa makubwa matano, Mälaren likiwamo, na wamiliki wakalipwa fidia. Uhuru huo una mipaka. Mshipi hauzidi ndoano kumi, na samaki aitwaye gös, mwenye miiba mgongoni kama sangara, akiwa chini ya sentimita 45 anarudi majini. Nyavu zina masharti yake.

Ukienda kwenye maziwa madogo ya bara, mambo hubadilika. Huko unanunua fiskekort, kadi ya kuvua. Nilipoanza ilikuwa karatasi ya kuuziwa kituo cha mafuta, tarehe ikiandikwa kwa kalamu. Siku hizi nainunua kwa simu, na mkaguzi akija namwonyesha kioo. Aghalabu fedha huenda kwa umoja wa wenye maji, nao huitumia kutunza ziwa na kupandikiza samaki. Hapo ndipo nilipoanza kulipa bila kinyongo, kwa kuwa nilijua nalipia nini.

Uwindaji ni mlima zaidi. Kijana mmoja wa kwetu alitaka kuwinda paa na nguruwe pori. Ilimbidi afaulu jägarexamen, mtihani wa nadharia na wa kulenga shabaha, kisha aombe leseni ya bunduki polisi, alipie jaktkort, kadi ya kuwinda inayoanza Julai mosi hadi Juni 30, na bado amtafute mwenye msitu amruhusu. Alikaa na vitabu vya mtihani huo majira yote ya baridi.

Wageni kutoka Afrika Mashariki wakiniuliza leo wapi pa kupata leseni, siwaelekezi ofisi kwanza. Nawauliza: maji ni ya nani, unavua kwa kifaa gani, samaki wako ana urefu gani? Ukerewe nilijifunza maswali hayo baada ya doria kufika. Vårby gård nimejifunza kuyauliza kabla sijatupa ndoano.