Haki ya Kugeuka Mlimani

Kila mwaka inapokaribia tarehe 9 Desemba hunijia wanafunzi walioshika fomu za kujiandikisha kupanda Mlima Kilimanjaro katika misafara ya kuadhimisha Uhuru. Huuliza juu ya makoti, viatu, na kama chuo kitawachangia nauli. Ni maswali halali. Hata hivyo, sijawahi kumsikia mmoja wao akiuliza ni nani katika msafara wake mwenye mamlaka ya kusema, "Huyu mgonjwa, tunateremka naye sasa hivi." Mwaka huu nimeona heri niwaandikie juu ya jambo hilo moja.

Misafara hii ina asili ya kuheshimika. Usiku wa Uhuru mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge kileleni, na tangu hapo mlima huu umekuwa sehemu ya lugha yetu ya siasa. Tunasema "kileleni" tunapotaja ushindi wowote. Kabla ya hapo ulikuwa uwanja wa michezo wa wakoloni: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika Kibo wakiwa na mbao za kutelezea thelujini, wakateremka nazo kama walivyozoea kwenye milima ya Alps. Leo atakayezibeba mbao hizo atatafuta barafu kwa tochi. Wanasayansi waliolinganisha ramani wamekuta kwamba asilimia 85 hivi ya barafu iliyokuwapo mwaka ule wa 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Barafu inayokonda huyaacha wazi mawe iliyokuwa imeyashika. Januari 2006 mawe ya namna hiyo yaliporomoka upande wa Western Breach, yakawaua Wamarekani watatu, na njia ile ikafungwa kwa muda.

Lakini si mawe ninayoyaogopa zaidi kwa ajili ya wanafunzi wangu. Ninaogopa hesabu. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Sasa tazameni njia ya Marangu, inayopendwa kwa sababu ina vibanda na ni nafuu. Usiku wa kwanza mtu hulala Mandara, takribani mita 2,700. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, karibu mita 4,700. Usiku huohuo wa tatu, saa sita, huamshwa aelekee mita 5,895, mahali ambapo kila pumzi ina nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu wa Dar es Salaam. Ushauri wa madaktari umekiukwa maradufu, tena mara mbili mfululizo, kwa sababu ada hutozwa kwa siku na kila siku ya kupumzika ni gharama. Kuongeza usiku mmoja Horombo kunasaidia sana. Ndicho kitu cha kwanza kinachokatwa bajeti inapobana.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi huwapata wengi, na mara nyingi hupita mtu akitulia mahali alipo. Hatari inaanza mgonjwa anapohema ilhali amekaa, anapokohoa mapovu, au anapopepesuka kama mlevi na kushindwa kutembea mstari mnyoofu, kisigino mbele ya kidole. Hapo maji yameingia mapafuni au ubongo umevimba. Dawa zipo, mitungi ya oksijeni ipo, lakini vyote hivyo ni vya kununulia muda. Tiba ni kuteremka, usiku huohuo, mvua isinyeshe au inyeshe. Anayesubiri kupambazuke anaweza asipambazukiwe.

Sasa niseme la nyumbani. Mimi ni mtu wa Nkende, Tarime. Kwetu Ukuryani mvulana anapoingia tohara hukazwa macho na ukoo mzima. Akikunja uso, akitikisa bega, aibu hiyo humfuata hadi uzeeni, na mama yake huionja kisimani. Siidharau desturi hiyo. Imetufunza ustahimilivu, na wenye kuajiri walinzi na askari wanaujua. Ila mwili uliofunzwa kuficha maumivu ndio mlima unaoumaliza upesi, maana huko juu maumivu ndiyo taarifa pekee uliyonayo.

Mpwa wangu alisoma chuo kimoja mjini Moshi, na wakati wa likizo alifanya kibarua cha upagazi kwa kampuni ambayo sitaitaja. Siku ya pili aliumwa kichwa na kutapika. Alijificha nyuma ya mwamba asionekane. Siku ya nne, wakiwa kambi ya Barafu, alishindwa kufunga kamba za viatu. Vidole vilikuwapo, anasema, ila hakukumbuka vinafanyaje. Mpagazi mwenzake, mzee wa Kichaga mwenye umri wa kuwa baba yake, alimwona anayumba, akamwambia mwongozaji msaidizi. Jibu likawa: avumilie, mzigo wake nani ataubeba?

Mzee yule alitua mzigo wake mwenyewe. Akamshika kijana mkono, wakateremka wawili kwa njia ya Mweka kwa taa moja ya kichwani. Saa chache baadaye, walipokuwa chini karibu mita elfu moja, mpwa wangu alianza tena kujua siku na jina la baba yake. Wageni walifika kileleni asubuhi ile na picha zao ni nzuri sana. Mzee hakupewa bahashishi, na msafara uliofuata hakuitwa.

Nilimwuliza mpwa wangu kwa nini hakusema mapema. "Mjomba," akasema, "ningesemaje? Walikuwa wananiita mura, wananisifia mabega."

Hapa ndipo ninapoiona siasa yetu yote. Kanuni za hifadhi si mbaya. Mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Hakuna apandaye bila mwongozaji aliyesajiliwa. Machela zipo, askari wa hifadhi wapo, na tangu Agosti 2022 hata intaneti imefika Horombo, jambo lililosherehekewa kwa hotuba. Lakini kanuni haisemi mpagazi aliyeumwa siku ya pili atalipwa nini akiteremshwa. Kipato chake kinaning'inia kwenye bahashishi, bahashishi inaning'inia kwenye furaha ya mgeni, na furaha ya mgeni inaning'inia kileleni. Mwongozaji naye husifiwa kwa idadi ya aliowafikisha. Kila mtu katika mnyororo huo ana sababu ya kutotaka kuusikia ukweli, na mwenye ukweli mwilini mwake ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote. Ninyi watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaufahamu mnyororo wa namna hiyo. Mmeuona kwenye taarifa za utekelezaji.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, kabla ya kutia saini, ombeni ratiba yenye usiku wa ziada. Ulizeni kama waongozaji wanapima oksijeni kidoleni asubuhi na jioni, na kama wapagazi nao hupimwa. Jibu la swali hili la pili litawaambia mengi juu ya lile la kwanza. Mkubaliane mapema, mbele ya wote, kwamba mtu yeyote, hata mpishi, hata mbeba hema, akisema fulani ateremke, hakuna mjadala, na kwamba anayeteremka au kumteremsha mwenzake atalipwa sawa na aliyebaki. Changieni fedha hizo kabla ya kuondoka. Vaeni vizuri pia, naam. Makoti ya mitumba ya Memorial pale Moshi yanafaa kabisa.

Wiki iliyopita binti mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza kama anayegeukia Kibo hupewa cheti. Nilimjibu kwamba vyeti hutolewa kwa waliofika Gilman's, Stella au Uhuru. Chini ya hapo hakuna. Akaandika jambo katika daftari lake, kisha akaniuliza kama chama cha wanafunzi kinaweza kuchapa cha kwake, chenye nafasi ya majina mawili: la aliyeteremka na la aliyemteremsha. Nimemwahidi gharama ya kuchapa.