Madirisha ya FoxPro pale Tunduma

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tunduma ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikuja mwaka 2016, na kituo cha pamoja cha mpakani na wenzetu wa Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019. Enzi hizo lori lilimaliza taratibu za huku, likavuka, likaanza upya kule Zambia, na foleni ilirudi nyuma kuelekea Mpemba. Nilikuwa katika ofisi ya wakala wa forodha, natunza kumbukumbu za mizigo ya transit: namba ya gari na tela, kontena, mwenye mzigo, na dhamana ya forodha. Dhamana haifutwi mpaka uthibitishe kwamba mzigo umetoka nchini, kwa hiyo jedwali la dhamana ndilo lililotunyima usingizi.

Yote hayo yalikaa kwenye Visual FoxPro 6, programu ya hifadhidata, katika kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Mfumo aliuandika kaka mmoja kutoka Mbeya. Nilikaa pembeni yake akiuandika, alipoondoka nikabaki nao.

Katika FoxPro kila jedwali hufunguliwa kwenye eneo lake la kazi. dBase III Plus, programu ya zamani ya aina hiyo, iliruhusu maeneo 10 tu. FoxPro ya DOS ikafika 225. Visual FoxPro 32,767. Programu basi haikuwa na neno. Tatizo lilikuwa skrini ya inchi 14, na umeme. Jedwali la magari peke yake lilikuwa faili tatu: DBF yenye data, CDX ya faharasa, na FPT iliyobeba maelezo marefu. Ongeza dirisha la kuvinjari rekodi, fomu, ripoti, programu unayoirekebisha, na dirisha dogo la amri ambalo kila mara lilijificha chini ya mengine. Ctrl+F1 ilikuzungusha dirisha hadi dirisha. Ctrl+F2 ilikurudisha kwenye amri moja kwa moja. Hata leo vidole vyangu vinazijua.

Kaka yule alikuwa na utaratibu ambao sijaona bora kuliko huo. Asubuhi, kabla ya kugusa chochote, aliandika SET peke yake, akabonyeza Enter. Lilifunguka dirisha lenye majedwali yote yaliyo wazi upande wa kushoto, na uhusiano kati yao upande wa kulia. Alilisoma lote taratibu. "Mdogo wangu, jua kwanza nini kiko wazi," aliniambia, "ndipo uanze kazi." Lisilohitajika alilichagua na kulifunga. Amri ya kulifunga ni USE bila jina lolote mbele yake, jambo lililowashangaza wageni wengi, maana neno hilohilo ndilo hufungua.

Umuhimu wake ulionekana dereva akiwa kaunta. Ukitaka kubadili muundo wa jedwali, FoxPro hukutaka ulishike peke yako, na hapo kompyuta ya pili hunyimwa. Dada wa mapokezi aliita kutoka chumba cha mbele: "Kaka, magari umeyashika wewe? Kuna gari la shaba hapa linasubiri!" Nikaandika SELECT magari, kisha USE, na kabla sijamjibu alikuwa ameshaanza kuingiza namba ya tela.

Umeme ndio uliotufundisha zaidi. Jedwali lililo wazi huweza kuwa na rekodi ambazo bado zimo kwenye kumbukumbu ya mashine, hazijaandikwa kwenye diski. Umeme ukikatika hapo, faharasa na data haziafikiani tena, na unaporudi kazi ya kwanza ni kulifungua jedwali peke yako, kuandika REINDEX, na kungoja. Majedwali yaliyokuwa yamefungwa yalitoka salama. Ndiyo maana taa zilipoanza kupepesa niliandika CLOSE ALL bila kuuliza mtu, hata bosi akiwa katikati ya ripoti. Alikasirika mara ya kwanza tu.

Asubuhi iliyofuata madirisha yalijipanga palepale tulipoyaacha, kwa sababu FoxPro iliandika mahali pa kila dirisha katika faili yake ya FOXUSER.

TANCIS, mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ulipochukua nafasi ya ASYCUDA++ uliotangulia, kazi nyingi za mawakala zilihamia huko. Microsoft nayo iliacha kuihudumia Visual FoxPro Januari 2015. Lakini katika stoo za ofisi nyingi za mpakani zimo kompyuta zenye historia ya barabara hii, gari kwa gari. Ndugu mwenye ofisi, kabla hujaziuza kama chuma chakavu, mwite kijana akunakilie faili za DBF. LibreOffice inazifungua bila taabu. Anakili na FPT zake pamoja, kwa kuwa maelezo marefu ya kila mzigo yamo humo.