Nilivyoharibu Kilima cha Mzee

Nilimkosesha mzee mmoja nyama ya msimu mzima, na aliponiuliza nikamdanganya. Uongo ule unaniuma kuliko kosa lenyewe. Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu tunaozungumza Kiswahili huku kaskazini mwa Marekani, hasa wanaoanza kuwinda sasa, maana kosa hili mtu hulifanya akijiona ana bidii.

Naishi Green Bay, jimbo la Wisconsin. Ukiendesha gari kuelekea kaskazini kwa saa moja na ushei unaingia msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet, ekari zaidi ya milioni 1.5 za ardhi ya umma. Miaka mia iliyopita sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa visiki vitupu. Makampuni ya mbao yalikuwa yamekwisha kufyeka misonobari, walowezi wakajaribu kulima wakashindwa, serikali ikayanunua mashamba waliyoyaacha, na mwaka 1933 ikaitangaza ardhi hiyo kuwa misitu ya taifa. Leo yeyote mwenye leseni anaingia kuwinda kulungu wa mkia mweupe bila kumpigia mtu magoti. Mimi nimekulia Sikonge, mkoani Tabora. Huko pori la serikali lilikuwa pori la askari wanyamapori, na mjomba wangu aliyeingia na gobore aliingia roho mkononi. Kuambiwa kwamba msitu huu ni wa umma, na kwamba umma ni pamoja na mimi, kulinilevya. Nadhani kosa langu lilianzia hapo.

Mzee nilikutana naye mwezi Machi, theluji inaanza kuyeyuka, pale magari yanapoegeshwa kando ya barabara ya changarawe. Ni mstaafu wa kiwanda cha karatasi, na kilima kile amekiwinda tangu ujana wake. Wawindaji wengi hulinda siri ya mahali pao hata kwa ndugu. Yeye alinitazama, akaniuliza natoka wapi, kisha akaniambia nimfuate.

Machi ndio mwezi wa kuusoma msitu. Majani yote yako chini, nyasi zimelazwa na theluji, na alama za Novemba bado zipo kama zilivyoachwa. Alinionyesha njia za kulungu zilizodidimia katika majani makavu, na miche ya popla iliyochunwa gome na pembe za dume usawa wa paja langu. Alinionyesha mahali dume alipoparua ardhi kwa kwato chini ya tawi linaloning'inia, akakojolea hapo ili wengine wajue amepita. Halafu tukafika kwenye malalo: shimo la kina kifupi katika majani, umbo la yai, lenye nywele za kijivu. Akaniambia nipige magoti ndani yake. Nilipoinua macho niliona mteremko wote hadi kwenye kinamasi cha mierezi kule chini, na upepo ulinipiga kisogoni ukitokea ng'ambo ya kilima. Kulungu hulala hivyo: pua inamlindia nyuma, macho yanamlindia mbele. Mzee akasema, sasa umeona, tutoke, na usikanyage hapa tena mpaka Novemba.

Sikumtii. Agosti nilirudi peke yangu na kamera za kutega. Ningeweza kuifunga moja pembezoni, kwenye njia itokayo kinamasini, nikaiacha hapo hadi msimu. Mimi nilizifunga palepale malaloni, kisha kila Jumamosi niliyopata nafasi nikapanda kuchukua kadi za picha. Picha za kwanza zilinipa furaha isiyo kifani: dume mnene, pembe zingali na manyoya laini ya kiangazi, amesimama saa tatu asubuhi jua likimwakia mgongoni. Niliwaonyesha watu nyumbani, nikatuma kwa ndugu Tabora.

Septemba njugu za mialoni zilipoanza kudondoka, dume yule alikuwa anapita alfajiri tu. Oktoba alionekana saa nane za usiku. Baadaye hakuonekana kabisa. Picha zilikuwa zinaniambia ukweli wote, nami nikazielewa kinyume: niliona hazitoshi, nikazidi kwenda. Kila nilipopanda niliacha harufu yangu kwenye nyasi, kwenye matawi niliyoyashika, kwenye shina nililoegemea. Kulungu anaweza kumvumilia mtu aliyepita mara moja. Anayerudi kila wiki anamhamisha, na wala kulungu hahitaji kwenda mbali. Anavuka barabara na kuingia shamba la mtu lenye kibao cha kuzuia wageni, au anabaki palepale na kutembea usiku, wakati sheria hairuhusu kumpiga risasi.

Msimu wa bunduki wa Wisconsin ni siku 9 tu, unaanza Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Mzee alikaa mahali pake siku zote hizo, katika baridi inayokaza vidole, na hakufyatua hata risasi moja. Siku ya mwisho, pale kwenye magari, aliniuliza kama niliona mtu akitembea kilimani vuli ile, kwa sababu alikuta nyayo za buti na kipande cha mkanda kwenye mti. Nikamjibu kwamba sikuona mtu yeyote.

Nilikaa na neno hilo mpaka Februari. Nikaenda nyumbani kwake nikamweleza yote, kuanzia kamera hadi uongo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua siku ileile, kwa kuwa mkanda wa mtini na mkanda wa begi langu ni wa rangi moja. Nyama haikumsumbua sana, alisema, atanunua. Kilichomsumbua ni magoti yake, maana hajui yatampandisha kilimani misimu mingapi zaidi. Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina. Sheria sikuivunja hata kifungu kimoja, lakini mzee yule nilimdhulumu.

Kilima nimemwachia. Wewe unayeanza mwaka huu, nenda Machi, tembea popote, piga magoti malaloni uone anachokiona kulungu, weka alama kwenye ramani, kisha toka. Kamera ifunge pembezoni na uiache. Na ukigundua umemharibia mwenzako, mwambie mapema, kabla hajamaliza siku 9 akisubiri mnyama uliyemfukuza wewe.