Siku moja Machakos: Maporomoko, Kilimambogo na mto unaotoka kwetu

Wakazi wengi wa Nairobi wakisikia neno utalii huwaza Maasai Mara au Mombasa, na gharama isiyolingana na mshahara wa kawaida. Lakini mwenye gari, mafuta ya kutosha na chakula cha kubeba anaweza kuizungusha familia yake upande wa Machakos kwa siku moja na kurejea nyumbani kabla ya usiku kuwa mkubwa.

Ondokeni alfajiri. Fuateni barabara kuu ya Thika, kisha mwingie ile ya Garissa hadi Kilimambogo. Hapo mtapinda kulia, na baada ya mwendo mfupi mtafika Fourteen Falls, mpakani mwa kaunti za Kiambu na Machakos. Hapa Mto Athi hutawanyika juu ya miamba na kuanguka kwa mikondo mingi iliyopangana bega kwa bega. Jina hilo la Kiingereza maana yake ni maporomoko kumi na manne. Wakati wa mvua nyingi hutaweza kuyahesabu, kwani mikondo huungana ikawa ukuta mmoja wa maji yenye rangi ya udongo.

Watoto watafurahi, lakini pia watauliza: mbona maji yana povu na harufu mbaya? Wazazi, msilikwepe swali hilo. Kabla ya kufika hapa, Athi umekwisha kupokea Mto Nairobi, ambao nao umebeba maji ya mito ya Ngong na Mathare. Uchafu wa vyoo, wa viwanda na chupa za plastiki tunazotupa mitaroni mjini hupitia papa hapa. Kwa hiyo tazameni, pigeni picha, lakini watoto wasioge wala kunywa maji hayo.

Vukeni mto muingie Donyo Sabuk. Mlima ulio mbele yenu una urefu wa mita 2,145 na ulifanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1967. Kwa Kimaasai, Ol Donyo Sabuk ni mlima mkubwa. Jina la Kilimambogo halihitaji mkalimani: nyati wangalipo, hivyo msishuke garini ovyo. Mvua ikinyesha, gari dogo lisijaribu kupanda.

Njiani kuelekea kileleni kuna kaburi la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini gari lililobeba jeneza lilishindwa na mlima. Wanafunzi wa Nairobi wanalijua jina lake kutokana na maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu yake.

Kileleni, kukiwa hakuna mawingu, mtauona Mlima Kenya. Kisha geukeni mtazame mashariki. Huko huanzia uwanda wa Yatta, ambao huendelea kwa takriban kilomita 300 hadi Tsavo. Ni miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, lava ilitiririka ndani ya bonde la mto wa kale, ikapoa na kuwa mwamba mgumu. Udongo na mawe laini ya kandokando yakamomonyolewa, mwamba ukabaki. Lililokuwa bonde sasa limeinuka juu ya nchi, na Mto Athi hupita chini yake kwa masafa marefu.

Mkirudi, piteni Tala na Kangundo kuelekea mji wa Machakos, kati ya vilima vilivyochongwa matuta ya kuzuia mmomonyoko. Karibu na Mutituni, ulizieni Kyamwilu. Hapo gari likitolewa gia huonekana kama linapanda mlima lenyewe, na maji yakimwagwa barabarani huonekana yakikimbilia juu. Wanaolieleza jambo hili husema ni kiinimacho: umbo la vilima vya pembeni hulifanya teremko lionekane kama mwinuko. Angalieni tu magari mengine, kwani hiyo ni barabara ya watu.

Kutoka Machakos, barabara ya Mombasa itawarudisha Nairobi. Lakini mazungumzo garini yasiishie Kyamwilu. Uchafu wa mjini haupandi mlima kurudi kwa aliyeutupa. Huteremka na Athi kwa wakulima na wafugaji wa Machakos, Makueni na Kitui, ambao hunywesha mifugo na kumwagilia mboga kwa maji hayo. Mbele zaidi mto huitwa Galana, kisha Sabaki, nao humwaga maji yake baharini karibu na Malindi.

Ndiyo maana safari hii inawafaa hasa watoto wa mjini. Aliyeliona povu la Fourteen Falls atajua mtaro unaopita nyuma ya nyumba yao unakwenda wapi, na ni nani anayeyangoja maji yake.