Tulipoyafuata Maji Shengena

Mvua ya Aprili 1999 ilianza tangu alfajiri, na nyumba zote kijijini zilikuwa zimefunga milango, watu wanaota moto jikoni. Mzee alisimama mlangoni kwetu, gunia amelikunja na kulivaa kichwani hadi mgongoni, la pili amelishika mkononi. Akanipa hilo la pili.

"Chukua jembe, mjukuu wangu. Twende tukaangalie maji."

Sikumwelewa. Miezi mitatu tulikuwa tukiitengeneza njia ya msituni, na siku zote tuliifanya kazi hiyo kwenye jua. Mvua ikinyesha tulipumzika. Nilimfuata kwa sababu hakuwa mtu wa kuambiwa hapana.

Kwetu ni Upare wa kusini, wilaya ya Same, kwenye vijiji vilivyoegemea msitu wa Chome. Mvua za El Nino, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, zilitukata vipande vipande. Magazeti yaliandika habari za barabara kuu na madaraja. Njia zetu za miguu hakuna aliyeziandika, ingawa ndizo akina mama walizoteremshia ndizi kwenda sokoni, ndizo watoto walizopita kwenda shule, na ndiko mgonjwa alikopitishwa kwa machela hadi inapofika gari. Machela ndiyo iliyokuwa kipimo chetu. Hakuna aliyetaja futi wala mita: njia ilitakiwa iwatoshe wabebaji wanne, wawili mbele na wawili nyuma, pasiwepo anayekanyaga ukingo.

Njia hizo za chini zilitengenezwa kwa msaragambo. Baragumu linalia asubuhi, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, na asiyetokea bila sababu anatozwa faini. Ndivyo Wapare walivyochimba mifereji, ndivyo walivyojenga ndiva za kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, na shule nyingi zilianzia hapo. Baada ya El Nino tulitoka wiki baada ya wiki mpaka machela ikapita tena.

Lakini msaragambo uliishia ukingoni mwa msitu. Kutoka hapo njia inapanda kwenda Shengena, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Huko hakuna shamba la mtu, basi hakuna baragumu wala faini. Walioipita njia ile ni warina asali, wachuma dawa, Bwana Misitu, na mara chache wageni waliopenda kupanda milima. Aliyeshika jembe huko alilishika kwa moyo wake. Mzee alikuwa ameitunza miaka mingi, karibu peke yake, na mvua zile zikamzidi nguvu. Januari 1999 alituomba vijana tumsaidie. Tulikwenda watano. Mimi nilikuwa na miaka 18, nimemaliza kidato cha nne, sina shughuli.

Bwana Misitu alitukubalia kwa sharti moja, kwamba tusiguse mti uliosimama. Magogo yetu yote yalikuwa ya mikulo iliyoangushwa na mvua. Mkulo una harufu kali kama ya karafuu maiti, na mpaka leo nikiinusa harufu hiyo mikono yangu inakumbuka mpini wa shoka.

Pale mlima unapokaza tuliamua kuchimba ngazi. Tulizichimba 40, kila ngazi na gogo lake lililokingama sawasawa njiani, udongo tumeushindilia nyuma yake. Zilipendeza sana. Mzee alizitazama, akasema tumefanya kazi, hakuongeza neno. Masika yalipoingia, ngazi 14 za chini ziliondoka katika juma moja.

Ndipo akaja na gunia.

Tulifika juu kabisa ya ngazi tumelowa chapachapa. Mzee alichuma jani, akaliweka kwenye maji, akaniambia, "Lifuate." Nililifuata. Lilishuka katikati ya njia, likaruka gogo, likazama kwenye shimo ambalo maji yalikwisha kulichimba chini ya gogo hilo, likaibuka, likaruka la pili. Lilikwenda hivyo hadi ngazi zilikokuwa zimebomoka, na kote huko halikupata mahali pa kutokea. Maji yaliyokuwa ya kiganja kule juu, huku chini yalinifika kwenye vifundo vya miguu, mekundu kwa udongo wetu.

"Umeona?" akasema. "Mmeyajengea maji ngazi yashukie. Maji yatoe yakiwa bado kidogo."

Tulikaa mvuani mpaka mchana. Kila maji yalipoonyesha kutaka kugeuka, alipiga jembe mara moja kuweka alama. Jua liliporudi hatukuwa na la kubishana, alama zilikuwepo. Safari hii magogo tuliyalaza mshazari, kichwa upande wa mlima, mkia umeteremkia bondeni, tumeyazika hadi ikabaki juu upana wa kiganja. Kwenye mkia tulifungua mdomo wa kutolea maji, na chini ya mdomo tukapanga mawe ili maji yanapoanguka yasichimbe. Penye mteremko mkali midomo ilikaribiana, penye nafuu tuliitenga. Uso wa njia wenyewe tuliulaza kidogo kuelekea bondeni. Mzee aliujaribu kwa maji ya kibuyu chake cha kunywa. Aliyamwaga njiani, na yalipokimbilia ukingoni alisogea mbele. Yalipotuama, tulirudia.

Kona moja ilituchukua siku 11. Hapo ardhi ilikuwa imeporomoka, ikabidi kujenga ukuta wa mawe matupu. Mawe makubwa yalikaa chini, yameinamia mlima. Kila jiwe lilifunika mwungano wa mawili yaliyo chini yake, na mawe marefu tuliyaingiza ndani kabisa ya mteremko, yaushike. Mmoja wetu aliuliza kwa nini tusiombe saruji. Mzee akamjibu kwamba ukuta huu lazima upitishe maji, kwa sababu maji yaliyozuiwa husukuma.

Ilikuwa pale, tukila makande yaliyopoa kwenye majani ya mgomba, ndipo alipotusimulia habari za mbiru. Mwaka 1945 wanaume wa Upare kwa maelfu waliteremka Same kuikataa kodi hiyo ya wakoloni, na baba yake alikuwamo. Waliteremka kwa miguu, kwa njia kama hizi. Aliyasema bila kupandisha sauti, akarudi kuchagua mawe. Mimi njia nilikuwa naiona kitu cha kupitia tu. Tangu siku ile sijaweza kuiona hivyo.

Baadaye nilisoma habari za Marekani, ambako njia ya miguu ya Appalachian, yenye kilomita zaidi ya 3,500, ilikamilika mwaka 1937 na hadi leo hutunzwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Katika maelezo ya kazi yao nilikuta gogo la mshazari na mdomo wake, vilevile kabisa. Nilifurahi kana kwamba nimeona picha ya Mzee.

Wageni wa kupanda Shengena walipozidi, likazuka swali la malipo. Wapo waliosema hawashiki tena jembe bila fedha, nami siwalaumu. Mlima ukiingiza fedha, anayeutengenezea njia apate sehemu yake. Lakini nimeona miradi ikija na kuondoka, na fedha zake hufika kiangazi, wakati kila njia inaonekana nzima. Majani huziba mdomo wa maji usiku mmoja wa masika, na asubuhi yake anahitajika mtu wa karibu aliye tayari kutoka na gunia kichwani. Mtu huyo sijaona mradi uliomwajiri.

Mzee alifariki mwaka 2011. Nilipopanda mara ya mwisho, ukuta wa kona ile ulikuwa umesimama, umeota kuvumwani ya kijani, na hakuna jiwe lililosogea. Juu yake watu walikuwa wamekata kona ili wafupishe, na njia yao ya mkato ilikwisha kuwa korongo. Niliiziba kwa matawi makavu. Midomo miwili ya maji ilikuwa imejaa majani.

Nawe ukipanda Shengena, au mlima wowote, zunguka kona yote hata kama umechoka. Ukikuta mdomo wa maji umeziba, ufungue kwa kiatu chako kabla hujapita. Haichukui dakika.