Kibuyu, Uraibu na KRA

Sheria ya Kodi ya Mapato haiulizi kama unapenda unachokifanya. Inauliza umepata nini. Kwenye insha za shule ya msingi tuliandika kwamba uraibu wetu ni kusoma, kuogelea na kuwasaidia wazazi (kuogelea, na bwawa tulikuwa hatujawahi kuliona), mwalimu akatia alama ya vema, mambo yakaishia hapo. Ukubwani uraibu uleule ukianza kuleta doo kwa M-Pesa, tunaendelea kuuita uraibu, kana kwamba jina hilo ni mwavuli.

Wangu ni vibuyu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kutimia, nikarudi nyumbani Kipkelion, mchana nikawa naandika makala za watu kwa malipo na jioni navisha vibuyu shanga. Sotet, kibuyu cha mursik, umekiona hata kama hujafika kwetu: ndicho wanariadha hunyweshwa wakitua uwanja wa ndege na medali shingoni. Kwetu si pambo. Husafishwa kwa mkaa wa mti wa senetwet na maziwa hulala humo siku kadhaa. Mimi nakivisha ngozi na shanga, nakipiga picha dirishani jua likiwa bado jipya, nakiweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Mteja akilipa, kibuyu kinapanda matatu hadi Kericho, halafu gari la Nairobi.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi aliniuliza kwa nini najisumbua na mambo ya ushuru. "Manze, hiyo ni hobi tu. KRA wakutafute wewe na vibuyu vyako, wawaache mabwenyenye?"

Namwelewa. Juni 2024 kizazi changu kiliusoma Mswada wa Fedha kwenye simu, ndani ya matatu, kifungu kwa kifungu, hadi tarehe 26 Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Hasira ile sijaitupa. Tena sisi wauzaji wadogo si kwamba hatulipi kitu: shanga zangu huja zikiwa na VAT ya asilimia 16 ndani ya bei, na kila ada ya kutuma pesa kwa simu ina ushuru wa asilimia 15. Lakini mswada ukianguka, sheria iliyokuwepo inabaki imesimama. Hiyo nayo nikaamua kuisoma.

Kifungu cha 2 kinasema biashara ni pamoja na uchuuzi wowote, taaluma, utengenezaji wa vitu, na hata jaribio la mara moja lenye sura ya biashara. Kifungu cha 3 kinaongeza kwamba faida ya biashara hutozwa kodi hata biashara yenyewe iwe imefanywa kwa muda gani. Maneno hayo yana asili ya Kiingereza, na kuna kesi yake inayochekesha. Mwaka 1920 bwana mmoja aitwaye Rutledge alikuwa Berlin kwa shughuli za filamu, akapata nafasi ya kununua roli milioni moja za karatasi ya msalani kwa bei ya kutupa. Akazinunua, akaziuza zote kwa mtu mmoja, akapata faida ya zaidi ya pauni 10,000. Alijitetea kwamba yeye si mchuuzi wa karatasi, ilikuwa mara moja tu. Mwaka 1929 mahakama ya Uskoti ikamwambia kwamba hiyo ilikuwa biashara. Hakuna mtu hununua roli milioni moja kwa matumizi ya nyumbani.

Ukiuza kochi lako kuukuu kwa sababu unahama, hilo ni kochi lako. Ukinunua vibuyu ili uvipambe na kuviuza, ukaviuza tena na tena, wewe ni mfanyabiashara hata kama unafanya hivyo huku ukiimba. Uingereza tangu Aprili 2017 imewaachia watu pauni 1,000 za kwanza za mauzo kwa mwaka. Kenya imepitia mlango mwingine, na mlango huo wengi hatuujui kwa sababu tunaogopa kuukaribia.

Kwanza kuna kodi ya mauzo ya jumla, ile inayoitwa TOT. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, kila mwezi, kwa biashara inayouza kati ya shilingi 1,000,000 na 25,000,000 kwa mwaka. Haijali gharama. Ukiuza kwa hasara, bado unalipa. Inanikumbusha kodi ya nyumba iliyoletwa na Waingereza mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika Kisumu ikipitia hapa kwetu, wakati kituo chetu kikiitwa Lumbwa. Kodi ile ilihesabu nyumba. Haikuuliza mwenye nyumba amevuna au amekosa. Walowezi nao walipoletewa kodi ya mapato miaka ya mwanzo ya 1920 walipiga kelele hadi ikaondolewa, na ilirudi mwaka 1937. Walijua tofauti.

Chini ya milioni moja, ambako wengi wetu tupo, unarudi kwenye kodi ya kawaida, na hiyo hutozwa faida, si mauzo. Shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Halafu kila mkazi hupewa nafuu ya shilingi 28,800 kwa mwaka. Toa moja kwa nyingine. Kwa hiyo faida yako yote, ya vibuyu, ya keki, ya makala, isipozidi 288,000, kodi ni sufuri. Ritani bado unajaza kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata, kwa sababu kuchelewa kuna faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Lakini kodi yenyewe ni sufuri.

Daftari langu la 2024 ni hili. Niliuza vibuyu 86 kwa shilingi 1,800 kila kimoja: 154,800. Vibuyu vyenyewe vilinigharimu 21,500, shanga na ngozi na gundi 38,700, usafiri 17,200, intaneti na ada za kutuma pesa 7,400. Faida 70,000. Uandishi ulibakisha 180,000. Jumla 250,000. Nilikuwa chini ya mstari.

Halafu Novemba ikaja oda. Kampuni moja ya Nairobi ilitaka vibuyu 60 vya kuwapa wateja wake Krismasi, mtindo rahisi wa rangi mbili, kwa 1,700 kila kimoja. Shilingi 102,000 kwa mpigo. Nikitoa gharama za 46,000, nabaki na 56,000. Sharti lilikuwa moja: ankara ya eTIMS. Haikuwa roho mbaya. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi kutolewa kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo kampuni ikininunulia bila ankara inalipia kodi pesa ambayo imeshatumia. PIN ninayo tangu nifungue akaunti ya benki, na ritani ya uandishi hujaza kila mwaka. Mtu asiyesajiliwa kwa VAT anaweza kutengeneza ankara hata kwa kubonyeza *222#. Ikawa.

Faida ya mwaka ikapanda hadi 306,000. Zile 18,000 zilizovuka mstari hutozwa asilimia 25, yaani 4,500. Kwa kazi iliyoniletea 56,000, sikuona haja ya kulia.

Ila kilichoibana kampuni kinanibana na mimi. Mwenye shanga hunipa ankara, wa mizigo pia. Vibuyu nanunua kwa mama mmoja mzee sokoni Kipkelion, ambaye mimi namwita Kogo, yaani nyanya, ingawa hatuna undugu. Anavipanda kwenye ua wake, anavikausha, anavichagua. Ankara hana. Vibuyu 146 kwa 250 ni shilingi 36,500, na kwa macho ya sheria pesa hiyo sikuitumia. Iongeze kwenye faida: 342,500. Kodi inatoka 4,500 inakuwa 13,625. Ankara ambayo Kogo hakunipa ilikuwa na thamani ya shilingi 9,125.

Kuna wafanyabiashara mjini wanaouza vibuyu kwa jumla, kwa ankara safi. Bei yao ni shilingi 300. Piga hesabu na utaona kwamba kwa mtu aliyevuka mstari kama mimi, kibuyu cha 300 chenye ankara kinakaribia kabisa kuwa sawa na cha 250 kisicho nayo: cha kwanza kinarudisha 75 kwenye kodi, cha pili hakirudishi chochote. Kikarudi shilingi 225. Kogo, aliyekuwa rahisi kuliko wote, ghafla ndiye ghali.

Hapa ndipo kodi ilipoacha kuwa hesabu kwangu. Kampuni inanisukuma mimi, mimi namsukuma Kogo, na nyuma yake hakuna mtu. Anayekaa mwisho wa foleni ndiye anayeachwa, bila yeyote kumchukia, na bila yeye kujua ni kwa nini wateja wamepungua.

Mwishoni mwa Desemba 2024 sheria ililiona tatizo hilo. Sasa mnunuzi anaweza kumwandikia ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi 5,000,000 kwa mwaka. Vibuyu vyangu vya mwaka ule vilikuwa vimeshanunuliwa, lakini kwa mwaka uliofuata nilienda nikamweleza Kogo polepole, nikamwonyesha kwamba kwa faida yake kodi ingekuwa sufuri.

"Mimi nalipa kila siku ya soko," akasema, akanionyesha tikiti ya kaunti aliyoikunja kwenye kona ya leso.

"Hiyo ni ya soko, Kogo. Hii ni nyingine."

"Nikiuza, nalipa. Nisipouza, nalipa. Sasa hiyo yako inasema nini?"

"Inasema usipopata faida, hulipi."

Akanitazama kama mtu anayepewa kuku na mgeni asiyemjua. "Na wakishanijua jina, kesho watataka nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu swali lake halikuhusu kifungu chochote. Mtu ambaye maisha yake yote ametozwa kwa kuwepo tu, kwa kuwa na nyumba au kwa kukalia futi sita za soko, hana sababu ya kuamini kwamba kuna ofisi itakayomuuliza kwanza kama amepata. Niliacha karatasi yangu mfukoni. Akanichagulia vibuyu kumi na viwili, kimoja akanirudishia pesa kwa kuwa shingo yake ilikuwa na ufa.

Nililipa zile 13,625 kabla ya mwisho wa Aprili, na bado nanunua kwake. Siwezi kukwambia ufanye hivyo. Kwa mwingine shilingi 9,125 ni kodi ya nyumba ya miezi miwili. Ninachokwambia ni kwamba niliijua bei ya uamuzi wangu kabla ya kuufanya, na hilo lilitokana na daftari tu.

Daftari hilo lilinifichulia kitu kingine. Sheria hukuruhusu kutoa gharama za kuzalisha mapato, lakini saa zako mwenyewe si gharama. Jioni zangu hazimo popote kwenye ritani. Kibuyu kimoja kinakula kama saa tano. Vile 86 ni saa 430, na faida ilikuwa 70,000. Hiyo ni kama shilingi 163 kwa saa, macho yakiwa mekundu chini ya balbu. Neno uraibu lilikuwa limezifunika saa hizo vizuri sana, maana kitu ukifanyacho kwa kupenda, nani hukihesabia muda?

Nimepandisha bei hadi 2,200. Kogo naye sasa namlipa 300, sawa na wale wa mjini. Wateja wawili waliandika kwamba nimeanza maringo. Mmoja alirudi wiki iliyofuata akachukua viwili.